Padi na Diski za Breki: Tuangalie Nini Kabla ya Kulipa?



Vikundi vingi vilivyoanza kwa kuchanga pesa kidogo kidogo baada ya ibada sasa vina gari. Kuna chenye pikapu ya kupeleka sukuma wiki na nyanya sokoni, kuna chenye Probox ya kubeba maziwa, na vingine vimejikakamua vikanunua Hiace ya abiria. Siku gari linapofika tunaliombea, akina mama wanapiga vigelegele, kisha tunamkabidhi dereva ufunguo. Miezi inapita. Breki zinaanza kulia. Mweka hazina anatoa pesa, dereva anaenda Nairobi mtaani Eastlands ambako tunaambiwa spea ni bei nafuu, na jioni anarudi na risiti iliyoandikwa maneno mawili tu: “Breki, mbele.” Kamati inapitisha na mambo yanaendelea.

Sasa tuulizane. Kamati imepitisha nini hapo? Hakuna mtu kwenye mkutano anayejua kama kilichofungwa kwenye gari ni kipya au cha zamani, cha gari hilo au cha lingine. Hata dereva mwenyewe mara nyingi hajui. Aliamini boksi, na muuzaji aliyemwambia, “Bosi, hii ni orijino kabisa.” Makala hii tumewaandikia wale wanaopitisha risiti, kwa sababu hao ndio wenye gari, na mara nyingi watoto wao ndio wanaopanda.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 mtu anayejenga nyumba mpya anaagizwa azungushie dari ukingo, ili mtu akianguka damu yake isiwe juu ya nyumba hiyo. Andiko halisemi fundi aulizwe. Linamwuliza mwenye nyumba.

KAZI YA BREKI NI KUBEBA JOTO

Mkikanyaga pedeli, mafuta ya breki husukuma pistoni, na pistoni hubana padi mbili kwenye diski inayozunguka pamoja na gurudumu. Kile chuma kinachobana huitwa kalipa na mafundi. Sisi hapa tutakiita koleo, maana kazi yake ni hiyo hiyo ya koleo. Pikapu na Probox nyingi zina diski mbele, na nyuma zina dramu yenye shu ndani yake. Breki za mbele hufanya kazi kubwa zaidi kwa sababu gari likifunga breki uzito mwingi huja mbele, kama vile abiria wanavyoinama pamoja matatu ikisimama ghafla. Ndio maana padi za mbele huisha mapema, na ndio maana tunazungumzia za mbele zaidi.

Mwendo wote wa gari hugeuka joto pale padi inapogusa diski. Gari la tani mbili likisimama kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa, joto linalotoka linatosha kuchemsha karibu lita moja na nusu ya maji ya kawaida. Kutoka kilomita 40 joto hilo ni robo tu, si nusu kama mtu angedhani. Na gari hilo likiteremka mlima ambao kilele chake kimeinuka mita 340 kutoka bondeni, dereva akitumia breki peke yake bila gia, breki zimebeba joto la kuchemsha mtungi mzima wa lita 20. Mama yeyote anayejua kuni zinazohitajika kuchemsha mtungi huo ataelewa tunasema nini.

Joto hilo likizidi, padi duni hupoteza mshiko. Dereva anakanyaga, pedeli ni ngumu, gari halisimami. Mafuta ya breki nayo yakichemka, pedeli inazama hadi sakafuni. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kipimo chao hushuka hadi 140. Hivyo wakati wa kubadilisha padi fundi aulizwe pia mafuta yamekaa muda gani. Miaka miwili ni kawaida ya kubadilisha.

Hatuhitaji kueleza sana kuhusu yanayotokea kwenye miteremko yetu. Mwezi Julai 2022 basi lilitumbukia kwenye bonde la mto Nithi na watu zaidi ya 30 wakafariki. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, lori lilipoteza mwelekeo likawavamia watu waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya 50 walipoteza maisha. Hatusemi kwamba chanzo cha mojawapo ni padi. Tunasema tu kwamba gari lenye mzigo kwenye mteremko haliachi nafasi ya kukosea. Na yule dereva anayeweka gari “frii” ili kuokoa mafuta, hata mkimnunulia padi za dhahabu hazitamsaidia.

ENEO LA EASTLANDS NA MADUKA YAKE

Anayetoka Tala na Kangundo anaingia Nairobi kwa barabara ya Kangundo, na kabla hajafika mjini ameshapita Kayole na Umoja. Karibu na Outer Ring kuna Kariobangi Light Industries, ambako mafundi wa chuma wanachonga, wanachomelea na kufufua karibu kila kitu. Ukishuka Jogoo Road unafika upande wa Gikomba na Shauri Moyo. Ukivuka kuelekea mjini uko Kirinyaga Road, ambayo wazee kwa vijana bado wanaiita Grogan ingawa jina hilo lilibadilishwa zamani. Humo mote kuna spea za aina tatu: mpya za kampuni zinazojulikana, mpya zisizo na baba wala mama, na zile zilizotolewa kwenye magari yaliyotumika Japani, ambazo watu huziita “eksi-Japani.”

Mgeni akisimama tu na padi kuukuu mkononi, vijana watatu wamemzunguka. “Mzee, unatafuta ya gari gani? Nipe hiyo nikuletee.” Kijana anachukua ile padi, anapotea kwenye vichochoro, anarudi na boksi. Wengi wao ni watu wazuri wanaotafuta riziki, na hatuwalaumu. Lakini mkifanya hivyo hamkuona duka, hamkuona padi nyingine za kulinganisha, na kesho hamna wa kumrudishia. Ni heri kuingia dukani wenyewe, kusimama mbele ya kaunta, na kuuliza kabla ya kulipa: “Ikikataa kuingia, nikirudi utanibadilishia?” Jibu la swali hilo linafundisha mengi kuliko boksi.

Beba padi ya zamani kama sampuli, na nakala ya logbuku yenye namba ya chesi. Gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na padi za maumbo mawili tofauti, kwa hiyo kusema “ya Hiace” haitoshi.

DISKI: ANZENI NA KIPIMO

Wengi hununua padi na hawaiulizi diski chochote mpaka usukani uanze kutetemeka. Sisi tungeanza na diski. Padi mpya kwenye diski iliyoisha ni kama kiraka kipya kwenye suruali iliyooza.

Kwenye diski nyingi, pembeni au kwenye kikombe chake cha katikati, pameandikwa kwa maandishi ya kuinuka MIN TH na namba baada yake. Huo ndio unene wa mwisho unaoruhusiwa. Kwa mfano diski iliyotoka kiwandani na milimita 22 inaweza kuandikwa 20. Maana yake mna milimita mbili tu za kula, pande zote mbili kwa pamoja. Ikifika hapo ni ya kutupa, hata ikiwa inang’aa namna gani. Diski nyembamba hushika joto haraka, na inaweza kupasuka.

Kupima kunahitaji venia, kifaa ambacho fundi yeyote wa leithi anacho na hatakataa kuwaazima kwa dakika tano. Lakini kuna hila. Diski iliyotumika huacha mdomo ulioinuka ukingoni, mahali ambapo padi haifiki, na venia ikikaa juu ya mdomo huo itawadanganya kwamba diski bado ni nene. Chukueni sarafu mbili, pimeni unene wa hizo mbili pamoja, kisha wekeni moja kila upande wa diski, ndani ya ule mdomo. Pimeni yote kwa pamoja halafu toeni unene wa sarafu. Fanyeni hivyo sehemu sita au nane mkizunguka diski. Namba zikitofautiana kwa kiasi ambacho hata venia inaona, diski hiyo haiko sawa.

Je, diski inaweza kuchongwa? Ndiyo, kwenye leithi, ikiwa baada ya kuchongwa bado itakuwa juu ya ile namba ya MIN TH. Mafundi husema “kuskimu.” Kariobangi kazi hii hufanywa kila siku, na kwa diski nene ya kiwandani ni matumizi mazuri ya pesa. Shida ni pale inapochongwa mara ya pili na ya tatu bila mtu kupima. Mwombeni fundi apime mkiwa mmesimama hapo, kabla na baada, na aandike namba zote mbili kwenye risiti.

Diski mpya za bei ya chini sana zinahitaji macho. Njia moja rahisi ni mizani. Pimeni diski yenu ya zamani kisha ile mpya ya umbo lile lile. Ile ya zamani imeshaliwa, kwa hiyo mpya lazima iwe nzito zaidi. Ikiwa mpya ni nyepesi kuliko iliyochakaa, chuma kimeibiwa mahali fulani, na msiinunue. Kama ni diski yenye matundu ya hewa katikati ya sahani zake mbili, ichungulieni kwa pembeni: sahani hizo ziwe na unene sawa.

Kuhusu eksi-Japani, msimamo wetu ni huu. Diski ya eksi-Japani iliyopimwa na kukutwa iko juu sana ya kikomo, haina ufa wala shimo la kutu, tunaikubali, na mara nyingine ni bora kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka. Padi ya eksi-Japani hatuikubali. Hamjui ilipitia joto gani, na imeshazoea diski nyingine.

Diski zenye vitobo na michirizi ambazo vijana wa matatu hupenda zinapendeza zikionekana kupitia rimu, lakini kwa gari la kikundi hazina faida. Vitobo hujaa matope ya barabara zetu, na nyufa huanzia kwenye vitobo hivyo. Diski ya kawaida ya gari lenu inatosha.

PADI: SOMENI HERUFI

Geuzeni padi muangalie ukingo wa ule unga uliogandamizwa, au mgongo wa bati lake. Kwenye padi nyingi mtakuta mstari wa herufi na namba unaoishia na herufi mbili, kama EE, FF au GG. Herufi ya kwanza inaonyesha mshiko wa padi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa moto sana. E ni mshiko wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa hiyo FF inashika vizuri baridi na moto. FE inaanza vizuri kisha inalegea ikipata moto, na hiyo si ya gari la mzigo linaloshuka milima. Msikimbilie herufi ya juu pia. Padi kali kuliko ile gari lilikotoka nayo inaweza kufanya magurudumu yafunge mapema kwenye barabara yenye utelezi.

Alama nyingine ni herufi E ndani ya duara, ikiwa na namba ya nchi, na karibu yake maandishi yanayoanza na 90R. Padi yenye alama ya kweli ya aina hii imepimwa kwa kanuni za Ulaya, na mshiko wake hautofautiani na wa padi asilia kwa zaidi ya asilimia 15. E1 ni Ujerumani, E4 ni Uholanzi, E11 ni Uingereza. Padi halisi kutoka kwa kampuni za Japani huenda zisiwe na alama hii, na hiyo si kasoro.

Lakini mwizi pia anajua kuandika. Ndiyo maana herufi peke yake haitoshi. Linganisheni namba ya boksi na namba iliyo kwenye bati la padi. Angalieni padi zote nne kama zinafanana, zina herufi zile zile na rangi ile ile ya unga. Kwaruzeni ukingo kwa ukucha. Ukimomonyoka kama matofali ambayo hayakuiva, rudisheni. Angalieni pale unga unapokutana na bati: kusiwe na mwanya hata wa kupitisha karatasi.

Hapa tuseme jambo kuhusu kubandika. Ufundi wa kuweka lining mpya kwenye shu za dramu ni wa zamani, na kwa malori lining hufungwa kwa riveti bila tatizo. Kubandika unga kwa gundi juu ya bati kuukuu la padi ni jambo tofauti. Kiwandani unga huo hugandamizwa kwa nguvu nyingi na joto hadi ushikane na bati. Gundi ya kibandani haina nguvu hiyo, na ikiachia, inaachia wakati mmekanyaga kwa nguvu zaidi. Tunasema hapana, hata kama fundi ni ndugu yetu wa kanisani.

Aina ya unga ni suala la kazi ya gari. Padi laini zisizo na chuma kingi ni kimya, haziumizi diski, na zinafaa gari dogo la mwendo wa mtaani. Zenye vipande vya chuma hupiga kelele kidogo na kula diski haraka, lakini huvumilia joto. Kwa pikapu ya mzigo hizo ndizo tungechagua. Za kauri ni kimya, hazitoi vumbi jingi, na bei yake iko juu.

SIKU YA KUFUNGA

Padi na diski hubadilishwa kulia na kushoto pamoja. Fundi akisema, “Hii ya kushoto bado iko sawa, tubadilishe moja tu muokoe pesa,” anawaokolea pesa na kuwanunulia gari linalovuta upande mmoja.

Kabla diski haijawekwa, uso wa habu usafishwe kutu kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane. Tunakazia hili kwa sababu diski nyingi zinazolaumiwa kwamba “zimepinda” hazikupinda. Zimekaa juu ya kipande cha kutu kidogo kama punje ya mtama, na zikizunguka zinayumba. Kisha nati zikazwe kwa mpangilio wa msalaba, kidogo kidogo. Mafuta ya kuzuia kutu yaliyopakwa kwenye diski mpya yaoshwe kwa dawa ya breki, au kwa maji moto na sabuni kisha ikaushwe kabisa. Koleo lifungwe kwa waya likiwa limetolewa, lisining’inie kwenye paipu yake. Pini zake zipakwe grisi ya breki, na grisi hiyo isiguse padi.

Vumbi la zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Padi nyingi za miaka iliyopita zilikuwa na asbesto, ambayo husababisha saratani ya mapafu na ya utando wake. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kufikia mwaka 2005, lakini padi zilizokaa dukani miaka mingi hazina tarehe usoni. Lowesheni kwa maji, pangusa kwa kitambaa, kitupwe kikiwa bado kibichi ndani ya mfuko. Na watoto wasikae karibu. Mafundi wetu wa Eastlands hufanya kazi kando ya njia, watoto wakitoka shule wanasimama kutazama, na vumbi hilo ni jepesi sana.

Padi mpya haziko tayari mara moja. Kabla ya kutoka, dereva apampu pedeli mpaka iwe ngumu. Kisha atafute barabara tambarare isiyo na watu, si Jogoo Road saa kumi na moja jioni, afikishe mwendo wa kilomita 50 au 60, apunguze taratibu hadi 15 bila kusimama, na arudie kama mara 20 akiacha breki zipoe katikati. Mzigo mzito na milima visubiri kilomita kama 200.

Fundi awarudishie padi na diski za zamani, zote, ziletwe kwenye mkutano zionekane. Risiti iwe na namba ya spea, unene wa diski, na kilomita zilizo kwenye dashibodi siku hiyo. Katibu aandike hayo kwenye daftari la gari. Padi ikibaki na unga wa milimita tatu ni wakati wa kubadilisha. Kwa hiyo kila baada ya kilomita 5,000 mtu mmoja wa kamati, asiye dereva, ainame na tochi achungulie kupitia rimu, aandike alichoona, na atie sahihi.